Gari Lisilo na Dereva Lakutana na Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suti.

Mnajua kazi yangu ni kupanga mji hapa Kisii. Kuna mpango wa kuleta magari yanayojiendesha, hayana dereva, na njia yao inapita katikati ya soko. (Nimeichora mimi. Kwa rula.) Akina mama wanaouza ndizi pembeni wahame, na anayetaka kuvuka azunguke mpaka kwa daraja, kule mbali. Leo nikatumwa niwashawishi, bosi wangu akiwa pembeni anatazama.

Nikamwaga Kiswahili cha ofisi mpaka nikajipenda. Mama mmoja muuza nyanya akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo gari ikinipata hapo katikati na mzigo kichwani, itanipisha?"

"Haipishi mtu, mama. Inafuata laini yake. Ni nyinyi mtaizoea."

Wakanuna. Basi nikajitia mwalimu, nikachora barabara kwa chaki. "Mimi ndio gari. Muone vile sitoki kwa laini." Nikaanza kutembea, mikono imeshika usukani. (Gari halina dereva, mimi nashika usukani. Akili ni nywele.)

Mara mama mwingine akakatiza mbele yangu, ndio anafika sokoni, mkungu wa ndizi umemfunika uso. Nikasema leo watajua gari ni gari. Nikaongeza mwendo. Tukiwa karibu kugongana, akainua mkungu.

Mama mkwe wangu. Kutoka Nyamarambe.

Kama wewe si Mkisii, elewa hivi: kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe, hamgusi, na wakikutana njiani anampisha hata kama ni kuingia matopeni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haingoji ufikirie.

Gari likaruka laini. Likatua kwa karai la nyanya, makalio kwanza. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Mwenye nyanya akasimama juu yangu. "Kumbe inaweza kupisha! Basi tunaitaka hivyo. Kila mwenye mzigo awe mama mkwe wake, na hapa hatuhami."

Soko zima likapiga makofi. Bosi wangu pia, msaliti yule.

Sasa niko ofisini nachora upya: akina mama wanabaki, gari linapisha. Nanuka kachumbari, kwa hivyo tafadhali msicheke. Bosi amepita kuniuliza, kwa uso mkavu kabisa, gari litafundishwaje chinsoni.

Nimemwambia lioe kwanza.