Mota Mpya Harusini Ndama

Jumatano, 10 Agosti 1988. Bugene.
Nimepata mota. Inafungwa chini ya kamera, inakula betri nane, na ukishikilia kitufe inapiga picha tatu kwa sekunde. Hakuna kuvuta mkanda kwa kidole gumba. Baiskeli yangu nimempa fundi wa barabara aliyekuwa akihama, naye kaniachia mota. Nimerudi kwa miguu, nina furaha. Kitabu chake kinashauri itumike kwa mbio, mpira na ngoma, si kwa mtu aliyetulia. Nimekisoma mara mbili. Mwandishi hajawahi kuona harusi zetu.

Alhamisi, 11 Agosti.
Anonciata wa kijiji cha Ndama anamwoza bintiye Jumamosi. Anataka picha moja tu: mama yake, bibi Nyirabageni, akicheza. Bibi hajacheza tangu tuvuke mto kuja ukimbizini mwaka 1961. Ameahidi kucheza mara moja kwa ajili ya mjukuu. Picha itakwenda Bujumbura kwa mwana wa bibi, Celestin, waliyepotezana naye njiani akiwa na miaka sita. Kumbe ameshaitwa Elpidius, mpiga picha wa Kayanga, na kile kikamera chake cha kuvuta kwa gumba. Nikamwonya Anonciata kwamba Elpidius atapata mkono au mguu, si vyote. Akasema basi, mzee Ildefonsi, njooni wote, tutaona nani atampata mama.

Ijumaa, 12 Agosti.
Kayanga nzima imebaki na mkanda mmoja wa picha thelathini na sita. Nimeuwahi. Elpidius akasema hana wasiwasi, ndani ya kamera yake zimebaki nne. Nimemhurumia.

Jumamosi, 13 Agosti. Jioni.
Nieleze kwa usahihi. Kwetu mchumba huombwa kwa maneno marefu. Msemaji wa upande wa bwana harusi, Theoneste, alianza na ng'ombe wa babu wa babu yake, mmoja mmoja kwa majina, kwa lugha ambayo sijaisikia ikisemwa vile tangu nikiwa na meno yote. Kidole kikasahau kutoka kwenye kitufe. Sekunde kumi na mbili, picha thelathini na sita. Muda wote huo Theoneste alitikisa midomo tu.
Ndipo Nyirabageni akainuka, akanyoosha mikono juu kama pembe. Nikabonyeza. Kimya.
Elpidius aliweka chini ndizi yake. Akangoja. Akangoja tena. Akabonyeza mara moja. Bibi akaketi. Elpidius akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaniuliza mota imezimikia wapi.

Jumamosi, 20 Agosti.
Picha zimerudi kutoka kusafishwa Bukoba. Ya Elpidius ina mikono yote, miguu yote, hata machozi. Imeshatumwa. Zangu: Theoneste mdomo wazi, Theoneste mdomo wazi zaidi. Nyuma yake, katika zote, sikio la Nyirabageni. Nikazipeleka. Anonciata alizitazama moja moja, kisha akauliza kama Celestin aandikiwe kuwa mama amebaki sikio. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Akaniambia mzee mwenzangu, njoo Jumapili ya wiki ijayo, nitakaa kitini tuli, unipige moja ujifariji.

Jumanne, 23 Agosti.
Nimetafakari bila upendeleo. Kosa lilikuwa la mkanda: mmoja hautoshi. Nimeagiza miwili. Bibi akishakaa tuli, sitaki nipitwe na kitu. Nitaanza kubonyeza nikiwa bado mlangoni.