Nimemmeza Mtoto Yesu

Ijumaa, 3 Januari

Bwana Halvorsen, msimamizi wa kituo chetu cha wazee, kasema darasa la Alhamisi, la mila za Meksiko, sasa litakuwa na mwalimu mmoja tu. Mimi au Hortensia. Mmoja! Tangu nistaafu kuendesha basi la shule, Alhamisi ndiyo siku pekee ninayovaa hereni. Darasa lile silitoi. Hortensia alikuwa msusi. Kucheza anajua, kuchekacheka na wanaume anajua. Kupika, sifuri. Tamale zake, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyojazwa nyama, ni matofali. Hapo ndipo nitakapomnasa.

Jumapili, 5 Januari

Theluji magotini. Nimeoka mkate wa Wafalme, wa sikukuu ya Mamajusi kesho, duara kubwa la kupendeza. Ndani nimemficha Mtoto Yesu wa plastiki, mdogo kama haragwe. Atakayemkuta kwenye kipande chake ndiye atakayewapikia wote tamale sikukuu ya Kandelaria, mwezi ujao. Kituoni kila mtu anajua, hata wenyeji wa hapa, wajukuu wa wahamiaji kutoka Norwe. Nimemweka chini ya tunda jekundu la sukari. Kipande hicho ni cha Hortensia. Wayatafune matofali, halafu tuone nani mwalimu!

Jumatatu, 6 Januari

Balaa! Nilimpa Hortensia kipande chake kwa mikono miwili. Akatabasamu. Akasema la, shoga yangu, aliyehangaika na jiko ndiye anaanza. Akanilisha! Mbele za watu! Wakapiga makofi. Jino likagonga plastiki. Nikamficha shavuni, nisije nikapika mimi. Mara Bwana Halvorsen akaniomba nisimame nieleze maana ya mkate. Watu wote wananitazama mdomoni. Nikameza. Mungu anisamehe, nimemmeza Mtoto Yesu.

Mkate ukaisha, mtoto hakuonekana. Mzee Dale akauliza kama nimeanza kusahausahau. Mimi! Hortensia, kwa sauti ya huruma, akatangaza kwamba kwao Jalisco, kule Meksiko, mwokaji akisahau mtoto, tamale anapika yeye. Uongo mtupu! Wakashangilia.

Jumanne, 7 Januari

Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Kasema ninywe maji, mtoto atazaliwa kwa wakati wake.

Jumamosi, 1 Februari

Tangu asubuhi napaka unga kwenye maganda ya mahindi. Mgongo sina. Mchana hodi mlangoni: Hortensia, na aproni yake! Moyo ukalainika. Tukajaza nyama, tukafunga, tukawasengenya nusu ya kituo. Nilikaribia kumpenda. Halafu akasema polepole, bila kuinua macho, kwamba siku ile aliliona koo langu likipanda na kushuka. Hatamwambia mtu. Ila hiyo Alhamisi angeipenda sana.

Nimempa. Ningefanya nini? Alipoondoka nikazirudisha hereni kwenye kisanduku, nikalia kidogo.

Jumapili, 2 Februari

Tamale zote zimekwisha, watu wameramba vidole. Bwana Halvorsen kamshukuru Hortensia, mwalimu wetu, kwa moyo wake wa kunisaidia. Kunisaidia! Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti.

Nimekaa nikatafakari kwa dhati ni wapi nilipokosea. Nimepapata. Mtoto alikuwa mdogo mno. Kwa mkate wa mwakani nimeshaagiza mwingine, mkubwa kama kidole gumba. Huyo hamezeki.