Pete Iliyoota Kutu Lyamkena

Shamba la viazi,
Yakobi, Njombe.

Kwa Mwalimu Efraimu wa Kemia,

Pokea salamu zangu pamoja na baridi ya huku, maana sina kingine cha kugawa. Mimi ni yule kibarua wa kutoka Manda niliyekuazima ndoo ya mrututu ulipowaleta wanafunzi wako shambani. Ulitumbukiza msumari katika yale maji ya buluu tunayopulizia viazi visishikwe na ukungu, ukautoa ukiwa mwekundu wa shaba. Wao walishangilia, mimi nikaharibikiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema chuma kina nguvu kuliko shaba, kwa hiyo huingia majini kuchukua nafasi yake, shaba iliyomo kwenye mrututu ikatolewa nje. Hilo sikulipinga. Nahumu, shemeji wa msimamizi, alinitoa hivyo hivyo kwenye ulinzi nikarudi kwenye jembe. Ila wewe ulilifundisha huku unacheka.

2. Jioni ile nilichukua washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa kwenye bolti la pampu, nikaisugua kwa mchanga, nikaichovya. Ikatoka pete! Nikamvisha mchumba wangu Anneth, anayeosha vyombo kwenye mgahawa wa mama yake Lyamkena, Makambako. Alilia kwa furaha. Wewe hukuwepo kunizuia.

3. Hukusema kwamba shaba ile ni koti jepesi tu, na kwamba chuma kikikutana na maji na hewa huungana navyo na kuwa kutu. Nasikia hiyo ni mada inayofuata. Mwalimu, mtu anayetaka kuoa hasubiri mada inayofuata. Shule niliiacha kidato cha pili. Nadhani kutu ilikuwa ya kidato cha tatu.

4. Sasa kidole cha Anneth kina duara la kahawia, na mama yake anawatangazia wateja: "Jamani, binti yangu kavishwa kipuri cha trekta!"

Kwa hiyo naomba mrututu upigwe marufuku shuleni na mashambani, nawe uende Lyamkena ukakiri mbele ya mama huyo kwamba kosa ni la Kemia. Viazi vikiliwa na ukungu, viliwe. Ndoa ni kubwa kuliko chipsi.

Wasalimie walimu wenzako, wanafunzi wote, na hasa yule aliyepiga makofi kuliko wengine.

Ni mimi niliyeponzwa na somo lako,
Fidelis

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Anneth amefika. Hakuja kurudisha pete. Anataka ichovywe tena kabla ndoa yetu haijatangazwa kanisani Jumapili, na mama yake amempa hereni zake mbili za chuma nazo zichovywe. Msimamizi amefungia mrututu stoo. Anneth ndiye anayekuletea barua hii. Tafadhali mpe vijiko viwili vya mrututu wa shuleni.