Maji ya Jina la Kapembwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mugongo wangu, mama wee! Nimemubeba mama muuza samaki kutoka Mununga mpaka soko la Nchelenge, na hii pikipiki ya Kichina imenitikisa hata meno. Nina miaka sitini na tatu! Fabien, mwendeshaji mwenzangu wa bodaboda, akaniambia mbele ya wateja: Félix, acha barabara, uuze karanga. Mupumbavu.

Mimi nataka pikipiki kubwa zaidi. Marehemu Kapembwa, dereva wa malori, ameacha pikipiki ya safari ndefu: kioo cha kukata upepo, masanduku pembeni, mbio tele, na kiti kama cha askofu. Haiuzwi. Atapewa atakayerithi jina lake. Ukoo wake wote wanaogopa. Waliikuta imesimama karibu na ziwa, inanguruma, na mwenyewe ndani ya maji.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Nimewaambia wazee kwamba mama yangu, kule Congo, alikuwa wa ukoo unaoitwa Uyoga, ukoo wa Kapembwa. (Mama, unisamehe.) Wakakubali haraka mno! Wakanikalisha kwenye mukeka, wakanipa maji ninywe, wakanifunga ushanga mweupe mukononi. Wakasema sasa mimi ndiye Kapembwa: jina, watoto, mujane, yote. Nikasema ndiyo, ndiyo, ufunguo uko wapi?

Muke wangu Ngalula akauliza, kama wewe ni Kapembwa, basi Félix wangu amekwenda wapi? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Utamu! Pikipiki ya Kapembwa imenifikisha mpaka mji wa Puta bila maumivu hata kidogo. Ila pale muzee mumoja, simujui, ameniita Kapembwa. Akauliza kama maji yalikuwa baridi. Nikajibu: sana.

Kwa nini nilijibu?

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Olipa, mujane wa Kapembwa, amenigombeza asubuhi nzima kwa ajili ya bati ambalo Kapembwa hakupigilia. Nimepigilia. Akatazama nyundo, akaanza kulia. Nilikuwa naishika kwa mukono wa kushoto. Kapembwa alikuwa mashoto.

Na hii kalamu je? Kushoto! Nimeihamisha kulia, herufi zikatoka kama za mutoto. Bon, basi, nimeirudisha kushoto.

Jambo lingine. Jana nilizima pikipiki jioni. Leo asubuhi injini ilikuwa ya moto, na magurudumu yamejaa muchanga wa ziwa. Viatu vyangu pia vimelowa. Nimewakimbilia wazee, nikasema nawarudishia vyote. Wakasema maji yakimwagika hayazoleki, sembuse yaliyonywewa.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Nimekwenda nyumbani kwangu. Kilio! Wamama wameketi chini, majirani wamejaa, wimbo wa kanisa. Nikauliza nani amekufa. Wakasema Félix.

Ngalula akanipokea kwa heshima yote, akaniletea kiti cha wageni. Akasema aksanti baba Kapembwa kwa kuja kutupa pole. Nikapiga kelele kwamba ni mimi! Akanitazama kwa huruma. Akasema mutu hawezi kubeba majina mawili. Félix alikunywa maji akaenda zake, hakuaga hata. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Nimelala na huyu mwanamuke tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na ananitazama kama mupita njia. Niliogopa, nikalia naye. Mbwa wangu akanibwekea.

Halafu, nani kakaa juu ya pikipiki yangu ya Kichina, anaifuta vumbi? Fabien! Kumbe kesho anakalia mukeka. Atakunywa maji ya Félix. Atachukua jina, nyumba, Ngalula na pikipiki.

Fabien? Hata siku moja!

Lakini mimi si mujinga. Nimepata akili nikiwa njiani. Félix na mimi mama yetu ni mumoja, nani atabisha? Kesho alfajiri, kabla Fabien hajaoga, mimi niko kwenye mukeka. Nitamurithi Félix.

Voilà! Nitakuwa na pikipiki mbili.