Ma'mdogo Kajitoa Lini?

Jumatatu, 4 Mei

Picha za Ma'mdogo Tabu hazipo ukutani! Zilikuwa zimebandikwa pale kwa Mbwana kinyozi, hapa hapa Mtoni, akiwaomba wajumbe wa chama wampitishe kugombea udiwani. Leo ukuta mtupu. Mbwana anasema kuna mteja kamwambia mama kajitoa. Gaspar wa redioni naye kalisikia, ila eti hasemi kitu mpaka ampate mwenyewe, na simu yake haipatikani. Nilicheka. Atampata lini, mwakani? Ndiyo maana redio yao inapitwa na blogu yangu.

Nimeandika: TABU AJITOA! Chanzo kilicho karibu na familia chathibitisha. Chanzo ni mimi. Familia ni yetu: Ma'mdogo ndiye aliyenilea, na mpaka leo nakaa chumba chake cha uani. Ningeweza kusubiri arudi nimuulize. Lakini akikanusha, habari imekufa.

Jumanne, 5 Mei

Nililala vibaya. Je, kama si kweli? Asubuhi nikafungua redio nyingine, kipindi cha yaliyovuma mitandaoni. Mtangazaji akasoma: Tabu wa Mtoni ajitoa. Nikashusha pumzi. Kumbe kweli! Haraka nikaandika: REDIO YATHIBITISHA. Gaspar kaja amefura, ananiambia yale ni maneno yangu mwenyewe yamenirudia. Wivu tu.

Jioni Ma'mdogo karudi kutoka Gongo la Mboto na picha mpya. Zile za kwanza kazibandua mwenyewe! Mpiga picha alimng'arisha mno, wajumbe wakawa wanauliza huyu bibi harusi ni nani. Akaniuliza mbona njia nzima watu wanampa pole. Nikamjibu mitandaoni kuna mambo.

Jumatano, 6 Mei

Lazima nisahihishe. Lakini nikiandika kwamba nilikosea, nani ataniamini tena? Nimewaza mpaka kichwa kimeuma, njia ikapatikana: TABU ABADILI MAWAZO, ARUDI KINYANG'ANYIRONI! Heshima yangu iko salama.

Alhamisi, 7 Mei

Yake haiko salama. Kwenye kundi la wajumbe wanamwita kigeugeu. Leo kajitoa, kesho karudi, huyo diwani gani? Kutwa nzima kapita nyumba kwa nyumba akiapa hajawahi kujitoa, nao wanamtolea simu wamwonyeshe. Gaspar kamhoji redioni. Kaongea vizuri, maskini. Ila mjumbe mmoja alisema hata hiyo ya kwanza aliisikia redioni, sasa ashike ipi? Mpinzani wake, Tupokigwe, hajatamka neno. Atamke nini, wakati kampeni namfanyia mimi, tena bure?

Nilitaka kumwambia Ma'mdogo ukweli leo. Alikuwa amechoka sana. Nikaona kesho.

Ijumaa, 8 Mei

Nikaona kesho.

Jumamosi, 9 Mei

Kashindwa. Kwa kura za kuhesabu kwa vidole! Baadhi ya kinamama wake hawakutokea kabisa, waliamini hagombei.

Karudi, kavua viatu, kakaa kwenye mkeka. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Hapo ndipo moyo uliponiuma kweli. Nikamwambia yote. Kumbe alijua tangu Jumanne. Nani mwingine, alisema, angeandika habari za familia hii? Hakunifokea. Alisema tu kwamba mlango wake na wangu inatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo, ningemngoja tu arudi. Najuta. Najuta sana. Sijawahi kujiona mdogo hivi.

Jumapili, 10 Mei

Nimeandika kuomba radhi. Mara hii ukweli mtupu: sikumuuliza, nilikosea, msameheni. Hakuna aliyesoma isipokuwa Gaspar, na mtu mmoja aliyeuliza nimelipwa na nani kumsafisha.

Nimeapa. Kuanzia leo siandiki kitu mpaka nikisikie kwa mwenyewe. Gaspar alisema: vizuri, umechelewa lakini vizuri. Alinipa mkono.

Jumatatu, 11 Mei

Ma'mdogo kaniita ndani, kafunga mlango. Anakata rufaa! Kuna wajumbe watakaotoa ushahidi kwamba walizuiwa kupiga kura. Kesho asubuhi anaipeleka ngazi ya juu. Kaniomba nifunge mdomo kabisa, maana katibu wa chama hapa akinusa tu, mashahidi watatishwa usiku huu huu. Kasema ananiambia kwa sababu mimi ni mwanawe na bado ananiamini. Machozi yalinilengalenga. Nikamwahidi.

Nimekaa chumbani nikatafakari. Hii si ya kinyozi. Hii nimeisikia kwa mwenyewe, kwa masikio yangu, kama nilivyoapa. Na Gaspar hana!

Jina sijataja. Nimeandika tu: Mama wa Mtoni aliyeshindwa Jumamosi kukata rufaa kesho, mashahidi wapo. Sijawahi kuandika habari safi namna hii. Haijapita hata nusu saa, imeshaanza kusambaa, na wa kwanza kuisambaza ni katibu wa chama. Mtu mzito kama yule, kumbe anasoma blogu yangu!