Kifaa cha Setilaiti Kiunoni

Jumatatu, 3 Juni
Kwako daftari, salamu nyingi. Baba watoto hajambo, isipokuwa goti. Mama mkwe hajambo, analalamika tu. Kitindamimba hajambo. Kuku hawajambo. Mimi sijambo ila presha.

Leo dada mmoja wa utafiti wa presha kanifunga kifaa kiunoni, kidogo kama kiberiti. Setilaiti huko juu zitaona natembea kiasi gani na napita wapi, wiki nzima. Binti yangu mkubwa, nesi, akasema ikionekana nashinda kitini atanihamishia kwake, anitembeze mwenyewe. Ghorofa ya nne! Bila kuku! Na huyu mwenye goti nani atampikia?

Jumanne, 4 Juni
Nimezunguka nyumba mara tatu. Pumzi juu juu. Chooni nilikifunika kifaa kwa sufuria. Setilaiti nazo ziwe na adabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata akili! Muuza mikate anazunguka mitaa yote kwa baiskeli. Nimemwomba akivae yeye kila siku, jioni anirudishie. Akauliza, mama, hili si kosa? Nikamwambia kwani wewe huna kiuno? Nimeshinda kitini, miguu juu. Raha!

Ijumaa, 7 Juni
Jirani, Mama Mapacha, naye kafungwa kifaa. Kapita mlangoni kwangu mara kumi akitingisha mikono. Eti, shoga, bado umekaa? Nikamjibu tembea tu mwenzangu, tutakutana kwenye ramani.

Jumatatu, 10 Juni
Makubwa! Dada wa utafiti katandaza ramani mezani, binti yangu pembeni. Kilomita thelathini kwa siku! Nikavimba kichwa. Mara kidole cha dada kikasimama. Akauliza kwa upole, mama, tangu Jumatano, kila siku saa saba hadi saa tisa unakuwa baa?

Mama mkwe akaacha kulalamika, mara ya kwanza tangu niolewe. Baba watoto akanitazama kama mgeni. Binti akaanza kukunja nguo zangu.

Nikaungama yote, machozi tele. Binti akacheka mpaka akakaa chini. Nimepewa wiki nyingine moja. Ya mwisho, kasema.

Jumanne, 11 Juni
Nimeona kosa langu. Nilichagua mtu vibaya. Kesho atakivaa muuza maziwa. Huyu hagusi pombe, nimemuuliza mara mbili. Tena ana pikipiki, kilomita zitatimia mapema.

Daftari, kama unaona kasoro yoyote nijibu upesi. Anapita saa kumi na mbili asubuhi.