Gari Linalomwitikia Kila Mtu

Kwa Mkwe Wangu Mheshimiwa,

YAH: KUKURUDISHIA GARI DOGO JEKUNDU ULILONIPA

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi moyo unaniuma kidogo, na kinachoniuma kimeegeshwa mbele ya mlango wangu tangu mwezi uliopita.

Naomba Jumamosi uje ulichukue. Kabla hujaniona mzee asiye na shukrani, sababu zangu ni hizi:

1. Linawaka. Unabonyeza kitufe, basi. Lile langu la zamani, ambalo ni rika moja na ndoa yangu, huliwashi hivihivi. Unakanyaga mafuta mara mbili, unaunyanyua mlango kidogo, unasubiri, kisha unaliambia neno zuri. Neno lenyewe nalijua mimi tu.

2. Halina kelele. Zamani nikifika kona ya fundi viatu, watoto wa mtaa wameshapisha njia na mbwa kajificha. Sasa naingia kwangu kama mwizi. Juzi nilikaa sebuleni robo saa nzima kabla mtu hajagundua kwamba nimerudi.

3. Linanisema. Nisipofunga mkanda, linalia. Nikirudi nyuma, linalia. Mkwe wangu, mimi nina mke. Nafasi hiyo ilishajazwa.

4. Haliharibiki. Siku neno zuri lilipogoma kwa lile la zamani, majirani wanne walikuja kunisukuma, na hapo ndipo nilipojua nani kaoa na nani kahama. Sasa nawapungia mkono dirishani kama mbunge, sijui lolote.

5. Hili ndilo hasa. Mama mkwe wako analiendesha. Miaka thelathini, akitaka kwenda sokoni au kwa dada yake, alisimama mlangoni akaniita Baba Watoto kwa sauti ya upole, nami nikajivutavuta kidogo kabla ya kuinuka. Siku hizi nasikia mlango wa gari tu, pu! Kaenda. Wiki iliyopita aliniuliza kama nahitaji lifti. Mimi! Nikakaa kiti cha abiria, nimepakata mfuko wa vitunguu.

Lichukue, mwanangu, ili nyumba hii inihitaji tena.

Nisalimie binti yangu, watoto, wazazi wako, na yule jirani yenu anayekohoa.

Wako mtiifu, abiria,
Baba Mkwe

Tanbihi: Nilimpa mama mkwe wako barua hii anisahihishie herufi. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua ufunguo wa gari la zamani, akatoka, likawaka mara moja. Mlango hakuugusa, neno hakulisema. Kumbe analiwasha tangu mkeo akiwa tumboni! Anasema pale mlangoni alikuwa akisimama kwa sababu alitaka twende wote.

Kwa hiyo usije Jumamosi, hatutakuwepo. Twende na gari lipi, bado hatujaamua. Dereva tumeshaamua.